Kibao cha Vifaranga Saba

Mwalimu Gerishon alifika matangani asubuhi akisukuma baiskeli, suruali imebanwa kwa vibanio vya nguo, na mfukoni mwa koti alikuwa na karatasi. Njambi alimwona tangu langoni mwa kanisa, akajisemea kwamba huyu naye ana uso gani wa kuja hapa. Hakumwendea kumsalimia. Alimwacha aegemeze baiskeli kwenye mkaratusi, avue kofia, apeane mikono na wazee mmoja mmoja utadhani yeye ndiye aliyefiwa. Kila mkono alioushika ulimzidishia Njambi hasira.

Karatasi ile ilikuwa habari za maisha ya marehemu. Kanisani hapo Ruiru ilikuwa desturi kwamba mtu hazikwi kimya kimya. Husimama mtu mwenye elimu kando ya kaburi, akasoma marehemu alizaliwa wapi, alibatizwa lini, alifanya kazi gani na aliugua nini, ndipo udongo umwagwe. Wazee walimpa Gerishon kazi hiyo bila kumuuliza mtu wa nyumbani. Alikuwa mkuu wa shule aliyofanyia kazi marehemu Magdalene, mama yake Njambi, tena ana mwandiko wa kupendeza, basi ikatosha. Njambi alikuwa na miaka kumi na saba na kazi yake ilikuwa kumenya mananasi kiwandani Thika. Nani angekumbuka kumuuliza?

Aliomba kuisoma kwanza. Gerishon alisita, akaitoa. Zilikuwa kurasa mbili, wino wa buluu, herufi zimesimama sawasawa. Humo mama yake aliitwa mpole, mnyenyekevu, mpenda watoto, mtumishi mwaminifu. Njambi alipita juu ya maneno hayo yote kama anayevuka tope, mpaka akafika katikati ya ukurasa wa pili, palipoandikwa: “Mwaka wa 1954 alipumzika kazi kwa sababu za afya.”

Aliisoma sentensi hiyo mara tatu. Kisha akaikunja karatasi, akaitia ndani ya sweta yake, akamwambia mwalimu kwamba ataisoma yeye mwenyewe. Gerishon alisema kwa sauti ya darasani kwamba haijapata kutokea msichana akasoma kaburini. Njambi akamjibu kwamba haijapata kutokea pia mtu akapumzika akivunja mawe, na akamwacha amesimama pale na kofia mkononi.

Jambo alilokusudia lilikuwa hili. Watu wa Ruiru walikuwa wamejaa uwanjani, na wengi wao walisoma vitabu mikononi mwa mama yake. Atasimama mbele yao, aikatae ile sentensi, na aseme kwa sauti kubwa ni nani aliyemtupa Magdalene. Miaka mitano alikuwa ameihifadhi hasira hiyo kwa siku kama hii, na hakuwa tayari kumzika mama yake pamoja na uongo. Aliijua hatari yake. Mwaka ulikuwa wa 1959, hali ya hatari haijaondolewa, na kwenye benchi la mbele alikwisha kuketi Nicanor, mtu wa serikali.

Ili mtu aelewe hasira hiyo yafaa amjue Magdalene alivyokuwa, si yule wa kwenye karatasi. Magdalene hakuwa mpole hata kidogo. Alijifunza kusoma akiwa tayari ni mke wa mtu, katika darasa la ubatizo, na alisoma kwa kufuatisha kidole mpaka mwisho wa maisha yake. Mumewe Muigai aliangukiwa na jiwe machimboni Njambi akiwa na miaka minne, na shule ya misheni ikampa mjane kazi ya kufagia. Alifagia madarasa, akafagia veranda, akafagia mpaka akafika kwenye stoo ya majembe, ambamo wamisheni walikuwa wametupa makasha matatu ya vitabu na kuyasahau. Panya walikuwa wamezaliana humo. Magdalene aliomba ufunguo wa stoo siku hiyo hiyo na hakuurudisha tena.

Hakuna aliyemfanya mtunza maktaba, alijifanya mwenyewe. Shule ilikuja kugundua baadaye kwamba ina maktaba. Aliyatoa majembe nje, akaweka rafu za mbao za makasha yale yale, akaisimamisha miguu ya rafu ndani ya mikebe ya mafuta ya taa ili mchwa wasipande. Vitabu alivivika karatasi za mifuko ya sukari kwa gundi ya uji wa ngano. Mvua za masika zikipita alivianika vyote kwenye nyasi, vimefunguliwa, na mtoto aliyekimbia karibu navyo alipata kofi. Mlangoni palikuwa na karai la maji na kipande cha sabuni, na asiyenawa haingii, awe mtoto wa nani. Aliyerudisha kitabu chenye doa la uji aliketishwa chini miguuni pa Magdalene, akamsomea ukurasa ule wenye doa kwa sauti, mwanzo mpaka mwisho, huku Magdalene akitia vitabu viraka. Wapo waliopaka uji makusudi ili waketi hapo.

Na kulikuwa na vibao. Watoto wa darasa la kwanza walitaka vitabu vya picha, na hawakujua bado kuandika majina yao. Magdalene aliyeanza kuandika akiwa mtu mzima alijua aibu hiyo. Akamwomba Kitheka, seremala wa shamba la mkonge, amkatie vibao kutoka kwenye ule mti mrefu unaochomoza katikati ya mkonge, mti mwepesi unaochongeka hata kwa kucha. Kila mtoto alipewa kibao kimoja, urefu wa kiganja, akachonga alama yake mwenyewe, samaki, chanuo, mwezi, jembe, chochote. Ukichukua kitabu, unakiacha kibao chako mahali kitabu kilipokuwa. Ukirudisha, unachukua kibao chako. Alama za watoto karibu mia mbili Magdalene alizijua zote kwa kichwa, kama mwenye mbuzi anavyowajua mbuzi wake.

Mkaguzi wa shule alipokuja mwaka wa 1952 aliona vibao hivyo akafurahi, akauliza ni wazo la nani. Gerishon alisema ni mpango wa shule chini ya uongozi wake. Magdalene alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha kufutia vumbi, akasikia, akaendelea kufuta. Jioni alimwambia binti yake kwamba mwanamume akikuibia sifa mwachie, mradi asikuibie ufunguo. Njambi hakumwachia. Hata akiwa mtoto wa miaka kumi alikuwa mgumu wa kusahau.

Kibao cha Njambi kilichongwa kwa wembe, darasani, wakati wa hesabu. Nyumbani mama alikuwa ameunda banda la kuku kutokana na kasha bovu, na tetea wao alikuwa ameangua vifaranga saba. Njambi alichonga mlango wa banda, umepinda juu kama upinde, na chini yake akakata alama saba ndogo, moja kwa kila kifaranga. Gerishon alimkuta nao wembe, akamchapa viboko viwili vya mkononi, akamnyang'anya. Kibao alimrudishia.

Lori lilikuja mwezi wa tano mwaka wa 1954. Siku hizo malori yalikwenda popote, na yakirudi yalirudi yamejaa watu. Alishuka ofisa Mzungu, kijana ambaye ndevu zilikuwa hazijamkolea, na Nicanor, mkubwa wa walinzi wa kijiji waliowekwa na serikali, wale waliokuwa wakiitwa kamatimu. Walitafuta watu waliokula kiapo cha wapiganaji wa msituni. Walipekua ofisi wasione kitu, wakapekua madarasa, kisha wakafungua stoo. Wakaona vibao vimejipanga kwenye rafu kila mahali palipokosa kitabu, na kila kibao kina alama isiyojulikana.

Nicanor alivichomoa kimoja kimoja, akavitupa chini, mpaka akafikia kimoja akakikazia macho. Palikuwa na upinde, na chini ya upinde alama saba. Wakati huo hata mtoto alijua maana yake, kwa kuwa ilisemwa kila mahali: anayekula kiapo hupitishwa mara saba chini ya upinde wa migomba. Nicanor alimnong'oneza ofisa, na ofisa akakishika kile kibao kwa ncha za vidole kana kwamba kina sumu. Ndivyo banda la kuku lilivyokuwa ushahidi wa vita.

Watoto walipangwa uwanjani. Njambi alikuwa mstari wa tatu. Ofisa alikiinua kibao juu.

“Hii mti ni ya nani?”

Njambi alijua anachotakiwa kusema. Yalikuwa maneno machache tu, mlango wa kuku, vifaranga, na labda yule kijana angecheka na kurudi zake lorini. Alimtazama mama yake, aliyekuwa amesimamishwa mlangoni pa stoo. Mama alipitisha macho juu ya mstari wa tatu bila kutua, kama mtu anayeangalia ukuta. Njambi akafunga mdomo. Ofisa akamgeukia mkuu wa shule, akamuuliza kama anajua maana ya miti hii.

“Sijui, bwana,” Gerishon alisema. “Mambo ya vitabu ni ya huyu mama.”

Sijui. Yeye aliyejitwalia vibao mbele ya mkaguzi, yeye aliyemchapa Njambi kwa ajili ya kibao hicho hicho, hakujua. Magdalene hata kumtazama hakumtazama. Alisema vibao vyote ni vyake, alama zote amezichora yeye kwa mkono wake, na hakuna mtoto anayehusika. Nicanor alimpiga kofi, akauliza tena. Akajibiwa yale yale. Wakampandisha lorini pamoja na karai lake la kunawia, sijui la nini, na vibao vikachomwa pale uwanjani watoto wakitazama. Mti wa mkonge hauna moto wa kukaa, uliwaka mara moja ukaisha. Kesho yake Gerishon alifunga stoo kwa kufuli jipya, na panya wakarudi kwao.

Miaka miwili na miezi minne Magdalene alikaa kwenye kambi ya wanawake. Walivunja mawe, wakazika maiti, wakaulizwa maswali. Kila mara aliulizwa alama ile ni ya nani, na kila mara alisema ni yake. Alipotoka hakuruhusiwa kukaribia shule. Alikwenda Thika kwa mdogo wake Idah, aliyekuwa amemchukua Njambi, wakaishi watatu chumba kimoja, wakifanya kazi kiwanda kimoja cha mananasi. Maji ya mananasi yalimla vidole na vumbi la mawe lilikuwa limekwisha kumla kifua. Jumapili alasiri aliketi mlangoni na kipande cha gazeti kilichofungiwa sukari, akawasomea majirani kwa kidole, na watoto wa majirani aliwaambia wakanawe kwanza. Siku moja Njambi alianza kumwambia mama yake, “Maitu, kile kibao,” naye akamkatiza, akamwambia hili kasha la mananasi halitajimenya lenyewe. Hakupata nafasi nyingine. Kikohozi kilimmaliza mwezi wa nane, akiwa na miaka arobaini na mmoja.

Hayo ndiyo “sababu za afya”.

Jeneza lilipokuwa linapigwa misumari, Gerishon alimfuata Njambi nyuma ya kanisa. Tata Idah, yaani yule mama mdogo wa Thika, alikuwa hapo akikoroga sufuria ya chai ya waombolezaji, akajifanya hasikii. Gerishon aliomba karatasi yake. Njambi alimwambia hatapewa, na kwamba atakachosoma kaburini si kile kilichoandikwa. Atawaambia watu kwamba mkuu wa shule alijua vibao ni vya nini na akasema hajui, na kwa neno hilo moja mama yake alivunja mawe miaka miwili. Alisema kwa sauti ya chini, na kila neno alilipima liume. Alitaka kuuona ule uso mzuri wa mwalimu ukibomoka.

Haukubomoka. Gerishon alitikisa kichwa kukubali, polepole.

“Nilijua zaidi ya hapo,” alisema. “Nilijua kibao ni chako.”

Njambi alikuwa ameisimulia siku ile moyoni mwake mara elfu, na mara zote alipofika mstari wa tatu alipita haraka, akakimbilia kwa Gerishon.

Mwalimu alieleza bila kujipamba. Lori lilipokuwa linapanda mlima, Magdalene alikuja ofisini mbio, amekumbuka kibao cha mtoto wake kiko kwenye rafu na hawezi kurudi stoo kukiondoa, walinzi waliotangulia kwa miguu wamekwisha kuingia uwanjani. Wiki iliyotangulia walikuwa wamemchukua msichana wa miaka kumi na miwili kutoka shule ya jirani ili awataje waliomlisha kiapo, na alirudi hawezi kutembea. Magdalene alimshika Gerishon kola ya shati. Alimwambia, “Wewe hujui kitu. Umesikia, Mwalimu? Hata wakikuuliza jina langu, hujui.”

“Kwa hiyo ulimtii tu,” Njambi alisema. “Wewe ni mtu mzuri.”

“Hapana. Sikuhitaji kuambiwa mara mbili, hiyo ndiyo shida yangu. Hata kama asingenishika shati ningesema sijui. Nimejaribu kuandika mwaka huo mara nne. Nikiandika ukweli wangu, naandika na wako. Nikaandika afya.”

Njambi alimchukia zaidi. Angekuwa mwongo tu ingekuwa rahisi, mtu humtemea mate mwongo akaenda zake. Huyu alikuwa amekuja na baiskeli yake na kofia yake kumnyang'anya hasira aliyoishi nayo miaka mitano, na badala yake akamwachia mtoto wa miaka kumi na miwili aliyesimama mstari wa tatu na mdomo umefungwa. Alimwambia aondoke mbele yake. Tata Idah aliendelea kukoroga sufuria. Kisha, bila kugeuka, alisema kwamba Magdalene alimweleza yote tangu siku ya kwanza alipotoka kambini, na alimwapisha asimwambie mtoto, kwa kuwa mtoto akijua atataka kulipa, na hakuna wa kumlipa.

“Basi mlijua wote,” Njambi alisema.

“Tulijua wote,” alijibu Tata Idah. “Na wewe pia.”

Kaburini jua lilikuwa kali. Mchungaji aliomba, watu wakaimba, kisha mzee wa kanisa akaita habari za marehemu, na badala ya Gerishon akasimama msichana. Manung'uniko yalipita. Nicanor, aliyevaa koti jeusi na sasa anashika mfuko wa sadaka kila Jumapili, aliinua uso kumtazama ni nani huyu asiye na adabu.

Njambi alifungua karatasi. Alisoma mahali mama yake alipozaliwa. Alisoma ubatizo, ndoa, kifo cha Muigai. Alipofika kwenye mpole na mnyenyekevu aliyaruka, akasema kwamba mama yake alikuwa mkali na asiyenawa alikiona, na hapo wako waliocheka, watu wazima wenye watoto wao, wakajitazama viganja. Kisha akafika ukurasa wa pili. 

“Imeandikwa hapa kwamba mwaka wa 1954 alipumzika kwa sababu za afya,” alisema. “Hakupumzika. Alichukuliwa na lori kwa ajili ya kibao chenye upinde na alama saba. Kile kibao kilikuwa changu. Ulikuwa mlango wa banda letu la kuku, na zile saba ni vifaranga. Nilikuwa mstari wa tatu. Niliulizwa, nikanyamaza.”

Nicanor alikuwa amejiinua nusu kutoka kwenye benchi, hakusimama wala hakuketi, na watu walianza kumgeukia mmoja baada ya mwingine. Walikuwa wanakumbuka ni mkono wa nani uliokishika kibao kile kwanza. Njambi hakumtaja. Alipita kando ya kaburi akamfikia Gerishon pale alipokuwa, akamtia karatasi kifuani kama mtu anayerudisha kitu kibovu dukani.

“Yangu nimesoma,” alimwambia. “Sasa soma yako.”

Gerishon aliishika karatasi. Ilikuwa mwandiko wake mwenyewe, herufi zimesimama sawasawa, na haikuwa na kitu cha kumsaidia. Alimtazama Nicanor, akalitazama jeneza. Alitaka kuvua kofia ambayo tayari alikuwa ameivua, mkono ukapapasa nywele tu, ukashuka.

“Nilijua,” alisema.